Fundi wa Kupima Mdudu

Fundi wangu wa redio amefariki, na mimi nimepata habari siku nne baada ya kuzikwa kwake. Nilikuwa soko la Bukoba nikichagua sato, mama muuza samaki akaniuliza kama Jumamosi nilikwenda Kaagya. Nikamuuliza kulikuwa na nini Kaagya. Akaniangalia vile watu wa kwetu wanavyomwangalia mtu aliyekosa msiba wa mtu wake, kisha akaniambia, wala hakupunguza sauti, kwamba yule fundi wako wa mchwa ametangulia, amezikwa kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba, na watu walikuwepo kiasi. Hilo neno "kiasi" ndilo lililoniuma. Zamani mtu kama yule angezikwa na kata nzima, vijana wakagombania jembe la kuchimbia. Siku hizi, jamani, misiba imetuzidi mpaka tumefika mahali pa kuchagua wa kwenda na wa kutuma pole. Mimi mwenyewe zimekuwapo wiki nimevaa koti moja kwenye makaburi matatu, nikasema maneno yale yale kwa wafiwa watatu, na wa nne nikamwandikia barua. Redio nayo, ambayo marehemu aliihudumia maisha yake yote, sikusikia ikimtangaza. Labda ilimtangaza nami sikuwa nimeiwasha. Nilirudi nyumbani Nyanga bila samaki.

Nisimdanganye msomaji. Marehemu hakuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na ushahidi ni huo, sikumzika. Tulikuwa watu wa kujuana tu. Redio yangu ikikwaruza nilimpelekea kwenye kibanda chake karibu na soko, yeye anaifungua, mimi nakaa kwenye benchi na kumweleza mambo ya dunia. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami ninayo ya kututosha sote wawili. Alikuwa ananiita Nshomile, yaani "nimesoma", jina ambalo watu wa mikoa mingine wanatutania nalo sisi Wahaya wote. Yeye mwenyewe Mhaya, tena wa Kaagya, lakini aliona mimi peke yangu ndiye ninayelistahili katika mkoa huu. Nilijifanya naudhika. Kwa kweli lilikuwa linanipendeza, na mtu akisoma mpaka mwisho ataona jinsi lilivyonistahili kwa ubaya.

Wakati wa vita vya nduli alichukuliwa mgambo, na kwa kuwa alijua kuchokonoa redio wakampangia mawasiliano. Aliniambia kwamba kazi yake kubwa huko ilikuwa kukaa na hedifoni masikioni na kusikiliza, na kwamba kitu cha kwanza walichofundishwa ni namna ya kutoa taarifa. Usiseme "hakuna adui". Sema "sijasikia adui". Mkubwa wao alikuwa mkali mno juu ya hilo, na mtu aliyekosea aliirudia sentensi hiyo mpaka sauti ikamkauka. Hayo mawili mimi na wewe tungeyaona kitu kimoja, lakini kwa aliyelala kwenye handaki la mbele yalikuwa mambo mawili mbali kabisa. Vita vilipokwisha alirudi Kaagya na zile hedifoni (sikumuuliza alizipataje, nawe usiulize), akaikuta nyumba ya wazazi wake imesimama salama. Mama yake alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake mabomu yalipoanza kusikika, na nyumba ilikaa imefungwa miezi mingi. Rangi ya mlango ilikuwa bado inang'aa. Akashika kitasa, akavuta, na fremu nzima ikamjia mikononi, nyepesi, ndani hamna mti, kuna udongo tu. Mchwa walikuwa wamekula mlango, madirisha na kenchi za paa, wakaacha rangi. Alisema huko vitani hakulia hata siku moja, lakini hapo mlangoni alilia, maana mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na mzigo kichwani akingoja kuingia.

Ndipo alipoanza kutengeneza mashine yake. Alichukua kile kichwa cha gramafoni kinachoshika sindano, ambacho ndani yake kuna kipande kidogo chenye tabia ya kugeuza mtikisiko kuwa umeme, akaondoa sindano, akaweka msumari mrefu mwembamba. Msumari unachomekwa kwenye mbao. Waya unakwenda kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliojaa transista za redio tatu zilizokufa na betri nne, na kutoka mkebeni unakwenda kwenye hedifoni za vita. Ukizivaa, unaisikia mbao. Mbao nzima inavuma kidogo tu. Mbao yenye mchwa inatafunwa ndani ya masikio yako, kama karanga zinazokaangwa jikoni kwa jirani. Kisha yeye anagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, kutafuna kunakoma, na badala yake unasikia kugongwagongwa kwa haraka. Ni askari wa mchwa wanapiga vichwa vyao kwenye mti kuwaonya wenzao. Hapo fundi alikuwa anatabasamu. "Wameitikia," anasema, na anatia alama ya chaki mahali pa kubomoa. Nasikia wenzetu wa ng'ambo wana vifaa vya kisasa vya kazi hiyo hiyo, vingine vinapima joto na unyevu ndani ya ukuta, vina taa na mshale wa kuonyesha. Siwezi kuvisifu wala kuviponda, sijaviona. Chetu kilikuwa cha mkebe, na kilikuwa kinafanya kazi.

Nilikiamini nyumbani kwangu. Nilikuwa nimejisifu mbele yake kwamba fremu zangu ni za mninga mtupu, mchwa hawathubutu. Hakubishana. Alikuja na baiskeli yake na mkebe wake, akakataa chai mpaka amalize, akachomeka msumari hapa na pale mpaka alipofika nyuma ya rafu ya vitabu. Akasimama. Akasikiliza kitambo, akavua hedifoni, akanivisha mimi. "Nshomile," akasema, "vitabu vyako vina wasomaji." Nilisikiliza, na kweli walikuwa wanavisoma kwa bidii kuliko mwenye navyo. Tulipoisogeza rafu tukakuta safu nzima ya juu imeliwa kuanzia nyuma, majalada yamebaki yamesimama wima kama yanangoja mgeni. Nilicheka siku hiyo mpaka machozi. Nilimwambia kitu hiki lazima dunia ikijue, na mimi ndiye nitakayeiambia.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na sitaki kulizungukazunguka. Ilikuwa miaka ile ugonjwa huu unaojaza makaburi yetu ulipokuwa umeshatoka kwenye uvumi na kuingia majumbani. Mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka, tukidhani ni wachuuzi wanarogana wao kwa wao. Baadaye watu wakaogopa hata jina hilo, wakaanza kusema mdudu. Fulani ana mdudu. Fulani amerudi kutoka mjini na mdudu. Nililijua hilo kama unavyolijua wewe. Na bado nilipokaa kuandika safu yangu ya gazeti juu ya fundi na mchwa wake, kichwa cha habari nilikiweka mwenyewe: BUKOBA YAPATA MASHINE YA KUPIMA MDUDU. Aya ya kwanza nikatia chumvi, nikaeleza habari za mdudu anayekula ndani kwa ndani huku nje pakionekana pazuri, na namna fundi wetu anavyomsikia kwa masikio yake. Neno mchwa nililificha mpaka aya ya nne, ili msomaji ashtuke kwanza kisha acheke. Mhariri alicheka. Mimi nilicheka. Nilijiona fundi wa lugha. Sikukumbuka kwamba gazeti kwetu halisomwi na mwenye kulinunua peke yake. Anasoma mmoja akawahadithia kumi, na kabla jua halijatua limechanwa kufungia dagaa. Nusu ya juu ya safu yangu ilisafiri mpaka Muleba na visiwa vyake bila nusu ya chini.

Wiki hiyo hiyo watu walianza kufika kibandani. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa suti aliyeleta redio isiyo na ubovu wowote, akaiweka mezani, akainama, akamwomba fundi ampime kwa siri. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Alipokuja wa tano hakucheka. Akaandika kwenye kipande cha boksi, HATUPIMI WATU TUNAPIMA NYUMBA, akakitundika mlangoni, lakini haikusaidia kitu, kwa sababu waliokisoma walidhani ni ujanja wa kuwakwepa wakubwa, wakawa wanamkonyeza na kumwambia wana nyumba yao moja ya miguu miwili. Akaja kwangu Nyanga na baiskeli, akaniomba niandike tena, nieleze wazi. Nikamwahidi wiki ijayo. Wiki ijayo niliandika juu ya ubovu wa barabara. Iliyofuata niliandika juu ya senene waliochelewa kushuka. Kusahihisha kungekuwa kukiri kwamba ule ufundi wangu wa lugha ulikuwa upuuzi, na mimi, msomaji unanijua, kukiri kunanishinda. Nilijipa moyo kwamba watu watachoka wenyewe.

Siku aliyokuja yule dada nilikuwepo kwenye benchi langu. Alitoka kisiwa kimojawapo cha Muleba, si Mhaya, ni wa watu waliokuja na wavuvi na kuanza biashara ya dagaa. Hakukubali kukaa. Alieleza shida yake akiwa amesimama, kwa ufupi, kama mtu aliyeikariri njiani kwenye mtumbwi. Mume wake wa kwanza, mvuvi, alikonda akafa. Sasa amepata mchumba, mwalimu wa bara huko Muleba, mtu mwema, anayeijua habari ya yule mvuvi na hakumkimbia, ila amemwomba kitu kimoja tu, kwamba aende akapimwe kwanza, na akiwa salama waoane. Alikwenda hospitali, wakamtoa damu, wakamwambia majibu arudi kuyachukua baada ya wiki kadhaa. Alisema wiki hizo hawezi kuzimaliza, usingizi umemkimbia, chakula hakipiti. Kisha akafungua pindo la khanga akatoa kipande cha gazeti. Ilikuwa safu yangu, nusu ya juu, inanuka dagaa, na picha yangu ndogo pembeni ikinitazama.

Fundi alimweleza. Alimweleza vizuri na kwa upole, akamwonyesha msumari, akamwonyesha mkebe, akamwambia hii ni ya mbao. Yule dada akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mti unaliwa na mdudu, na mtu analiwa na mdudu. Kama inasikia kwenye mti, kwangu itashindwaje?" Hakuwa mjinga. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi, na katika yote aliyoyasoma na kusikia hakukuwa na kitu cha kumwonyesha kosa lake, maana mwenye kosa alikuwa mimi. Fundi akanitazama. Nilielewa ananipa nafasi. Ningesema tu, "Dada, aliyeandika ni mimi, na nilikuwa natania," jambo lingekwisha. Angenichukia, angelia, angepanda basi lake na kungoja majibu yake. Nikaichukua redio yangu mezani nikaanza kuzungusha kitufe cha stesheni, nikijitia hamnazo. Yule dada akaanza kulia kimya kimya, machozi yanamshuka na yeye bado amesimama wima, na fundi akabaki peke yake naye.

Akaondoa msumari. Akafunga kile kichwa cha gramafoni kwa kitambaa safi, akampa akishike mwenyewe kifuani juu ya khanga. Akavaa hedifoni akasikiliza kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akasema, "Sijasikia mdudu. Nimesikia moyo tu. Hospitali urudi, ukachukue majibu yako." Aliyasema yote hayo, naapa, kwa sauti ya kusikika. Lakini yule dada aliondoka na sentensi ya kwanza. Alipiga magoti kumshukuru, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu, jambo ambalo labda alijifunza kwa ajili ya mama mkwe wake mtarajiwa, akateremka barabarani anakaribia kukimbia. Fundi akavua hedifoni. "Umenisikia nilivyosema?" akaniuliza. "Sikusema hakuna." Nikamwambia nimekusikia. Naye alijua, na mimi nilijua, kwamba tulikuwa tunafarijiana kwa sarufi.

Miaka mitatu hivi ikapita. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kila mtu wa Muleba aliyeleta redio kibandani, fundi alimuuliza habari za mwalimu aliyeoa mjane wa visiwani. Mwishowe akaelekezwa, akaenda. Mwalimu alikuwa ameshakufa. Yule dada alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani, amebaki mifupa na macho, na mama wa mwalimu ameketi karibu yake akimnywesha uji kwa kijiko. Alipomwona fundi uso ukamng'aa. Akamwambia mama mkwe, huyu ndiye fundi wa Bukoba aliyenipima, muulize mwenyewe kama nilikuwa nao. Mama akainuka, akamshika fundi mikono yote miwili, akamshukuru. Na hapo ndipo maneno yote yalipotoka. Mwalimu alipoanza kuugua, ukoo ulimnyooshea mkewe kidole, kwamba nani asiyejua, mjane wa visiwani ndiye aliyeuleta. Yeye akawajibu kwamba alipimwa Bukoba kwa mashine kabla ya ndoa akaonekana hana kitu. Hospitali hakurudi kamwe, aliona ya nini tena. Mwalimu aliliamini hilo kuliko wote. Akahesabu miaka yake ya ujana, akahukumu kwamba mwenye kuuleta ni yeye, na alikufa akimwomba mkewe msamaha.

Fundi alitaka kusema. Aliniambia alifungua kinywa mara mbili. Lakini utamwambiaje mtu aliyelala vile, ambaye amebakiwa na kitu kimoja tu cha kujishikiza duniani, kwamba kitu hicho kilikuwa sauti ya moyo wake kupitia kichwa cha gramafoni? Mama akaingia kibanjani akamkatia mkungu wa ndizi, mkubwa, wa kumzawadia mtu aliyetenda wema. Akaupokea. Aliufunga kwenye baiskeli mpaka kwenye basi, na kutoka basi mpaka Nyanga, akauweka mbele ya mlango wangu. "Mkungu huu ni wetu wawili," akasema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeula. Alichonitaka ni hiki, kwamba yule dada akishapumzika, mimi niandike au niende nikamwambie yule mama ukweli, ili mwanawe asibaki na hatia ambayo hakuna aliyempima nayo. "Mimi nikienda nitasimama tu," akasema. "Wewe ndiye mwenye maneno." Nikamwahidi. Masika yale yale akaja kuniambia kwamba dada amezikwa. Nikamwambia nitakwenda mwezi ujao. Hakuniuliza tena. Aliivunja mashine yake, transista akazirudisha kwenye redio za watu, na nikimpelekea redio yangu aliifungua bila kuniita Nshomile. Baada ya muda nikaanza kupeleka redio yangu kwa fundi mwingine, mtaa wa pili.

Nimekaa wiki nzima najiuliza ni kitu gani kilichonishika miguu miaka yote ile, na jibu zuri sina. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa na misiba. Na kila mwaka uliopita ulifanya safari ya Muleba iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningekuwa na makosa mawili ya kueleza, la kuandika na la kuchelewa. Naangalia pia namna sisi wa mkoa huu tulivyoupokea ugonjwa huu, na moyo unaniishia. Tumeupa majina ya nguo na majina ya wadudu, tumeandika kwenye matangazo ya vifo "baada ya kuugua kwa muda mrefu" mpaka maneno hayo yamekuwa ndiyo jina lake la tano au la sita. Marehemu aliniambia zamani kwamba katika miaka ya ugonjwa huu kazi ya mchwa iliongezeka mno, kwani mchwa wanapenda nyumba iliyofungwa, na nyumba zilikuwa zinafungwa kila kijiji, vibanja vinaota magugu, na aliyemwita kupima mara nyingi alikuwa bibi aliyebaki na wajukuu. Watu wa namna hiyo walikuwa wanahitaji mtu mmoja wa kuwaambia jambo kwa jina lake. Kazi hiyo nilipewa mimi, nina kalamu, nina nafasi yangu gazetini kila wiki. Nikaitumia kuongeza mzaha juu ya jina la mafumbo, kwa sababu ulinichekesha.

Jumapili iliyopita nilipanda basi la Muleba. Nilimkuta yule mama anaishi peke yake, mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini anaona na anasikia vizuri. Alinikaribisha, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni yeyote. Kutoka nilipoketi niliyaona makaburi mawili kati ya migomba, la mwalimu na la mkewe. Moja lilikuwa limepaliwa safi, limezungushiwa maua. La pili lilikuwa limefunikwa na majani hadi huwezi kuuona msalaba. Sikuuliza. Nilijitambulisha, nikamwambia fundi amefariki, kisha nikamweleza yote tangu mwanzo, gazeti, neno mdudu, mchwa, kichwa cha gramafoni. Nilimwambia sijui nani alimletea nani, na hakuna mtu duniani ajuaye. Ninachojua ni kwamba mkwe wake hakupimwa siku ile, na kwamba mwanawe alijihukumu kwa kipimo ambacho hakikuwepo. Aliniomba nirudie kwa Kihaya. Nikarudia, polepole, na kwa Kihaya hakukuwa na mahali pa kujificha.

Akaniuliza kama fundi alilijua hilo siku aliyompa mkungu. Nikamwambia alilijua, akanituma mimi, na aliyechelewa ni mimi. Akaniuliza ni miaka mingapi. Nikamwambia sita. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata nayatamani. Aliniangalia bila hasira yoyote.

"Mwanangu sikumlilia," akasema. "Watu walilia, mimi nikakaa kimya. Nilisema mtu aliyemuua mtoto wa watu, mimi mama yake nitamliliaje? Ungekuja mwaka ule, waitu, ndugu yetu, ningemlilia."

Akachukua fimbo yake akaenda kwenye lile kaburi lenye majani, akainama kwa shida, akaanza kung'oa kwa mikono. Nilisimama nikamsaidie, akanizuia kwa kiganja, nikarudi kukaa. Nimeandika safu hii miaka mingi nikiamini kwamba kosa la mwandishi linafutwa na maandishi mengine, wakati wowote yatakapotoka. Si kweli. Ukijua kwamba neno lako limemdhuru mtu, mwendee siku hiyo hiyo, na kama basi la abiria halipo, nenda kwa miguu. Mimi nilikwenda baada ya miaka sita, na nilichompelekea yule mama ni mtoto wa kumlilia kwa mara ya kwanza, wakati yeye ni mzee na hana tena wa kumsaidia kulia.